Doa Jeusi Chini ya Mrija

Juzi nesi alipiga deki zahanati kwa maji ya klorini, nikainuka kwenye benchi nikaenda kusimama nje. Wenzangu kwenye foleni walidhani kifua kinanibana. Ilikuwa aibu tu, jamani. Harufu ile hunirudisha nyumbani kwetu Ibighi, kwa shangazi yangu Tusekile.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Baba, aliyekuwa akipeleka ndizi Dar es Salaam, alirudi na wazo la bwawa la kuogelea, na akalichimba kweli, Tukuyu hii hii ya mvua na baridi. Majirani waliuliza samaki watawekwa lini. Kulitunza alimwita dada yake mkubwa kutoka Matwebe, mjane, akampa chumba cha uani. Shangazi hakujua kusoma, ila fundi alimwelekeza mara moja tu na ikatosha. Kila asubuhi, kitenge mabegani, alichota maji, akadondoshea dawa ya kupimia, akatazama umanjano wa "kololini". Dawa ya pili ya bwawa ilikuwa ya kuilinda klorini isiliwe na jua. Hiyo aliipima kwa mrija wenye doa jeusi chini: aliyachanganya maji na dawa ya kupimia yakawa meupe, akayamimina humo polepole huku akichungulia kutoka juu. Doa likipotea mapema, ujue dawa imezidi, na ikizidi klorini inakuwemo majini lakini haifanyi kazi.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na baba alinitangaza kwa kila mgeni kwamba najua Kiingereza. Siku moja alinipa kopo la ile dawa ya pili nilisome mbele ya watu. Nilitambua maneno matatu tu: jua, mbili, wiki. Nikakohoa kidogo, nikatangaza kwamba ni vikombe viwili kila wiki, kwa sababu ya jua. Baba alifurahi mno, akaninunulia soda.

"Jua lipi, mwanangu?" shangazi aliuliza. "Na doa mbona linapotea mapema?"

"Hayo ni maandishi, shangazi," nilimjibu nikibetua midomo. "Wewe hujui kusoma."

Baba akaamua nifuatwe mimi. Shangazi akatii, wiki baada ya wiki. Siku ya kipaimara changu wageni walikuta maji ya kijani, kuta zinateleza, na harufu ya tope.

"Dada, nilikupa kazi moja tu," baba alisema mbele ya watu wote. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kopo lilisemaje. Nilikuwa na gauni jeupe, nimetoka kanisani kuahidi mambo mazito saa hiyo hiyo.

"Nilimsomea viwili," nikasema. "Yeye ndiye aliyezidisha."

Kesho yake shangazi alifunga mizigo kurudi Matwebe, kwenye nyumba inayovuja. Kopo lilikuwa limeisha, akalichukua la kuwekea chumvi. Mlangoni, tukiwa wawili tu, alinipa nilishike.

"Nisomee tena, mwanangu. Polepole."

Nikasoma vilevile: viwili, kila wiki.

"Haya. Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, akaenda zake.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kumsalimia. Kopo lilikuwa kwenye kichanja cha jikoni, limejaa chumvi, maandishi yamefifia lakini yanasomeka. Nililishika bila kuombwa, nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Pima kwanza, kila baada ya wiki mbili. Kama imetosha, usiongeze.

Shangazi alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Leo umesoma," akasema.

Siku ile mlangoni nilidhani anaulizia dawa. Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba sikusoma kitu, na alikuwa ananipa nafasi ya kusema kweli kabla hajafika barabarani. Hakunisema kwa baba hata mara moja. Baba alifariki akiamini kwamba dada yake ndiye aliyeyaharibu yale maji, nami nilikuwa na miaka yote ile ya kumwambia.