Gari la Pili la Kituo

Mtaa mzima ulimwita Mama King'ora, na jina likamkaa. Aliendesha gari la wagonjwa, tena peke yake, maana mwenzake alipostaafu wakubwa waliahidi kuleta dereva mwingine, na huyo dereva mpaka leo yuko njiani.

Uani pa kituo palikuwa na magari mawili. Moja lilitembea. La pili lilikuwa gamba tupu: injini ilitolewa ili kuliokoa lile jingine, kisha giaboksi ikafuata. Msimamizi wa kituo hakutaka lionekane limekufa, basi kila asubuhi Mama King'ora alilisugua likang'aa kuliko lile zima. Msimcheke. Alikuwa ameliendesha tangu ujana wake, na alilipenda.

Ng'ambo ya barabara aliishi na kushona fundi cherehani mmoja, mtu wa utani. "Dada, ukimaliza hapo njoo unioshee na cherehani," alizoea kumwambia. Lakini tangu amzike mama yake, utani ulikatika. Akimwona Mama King'ora anampa kisogo. Mama King'ora mwenyewe alijua sababu. Siku mama wa fundi alipougua, gari zima lilikuwa limempeleka mjamzito mwenye uchungu hospitali, upande wa pili wa mji, na liliporudi mambo yalikuwa yameshaharibika. Fundi aliamini walimnyima lile la pili. Kudhaniwa hivyo kulimuuma Mama King'ora hadi chakula hakipiti.

Asubuhi moja akajikaza kisabuni, akavuka barabara.

"Kaka, njoo uone kitu."

Alimfungulia boneti. Fundi akainama, akaona sakafu ya saruji chini na waya mbili zinaning'inia.

"Injini iko wapi?"

"Ilitolewa zamani. Sikukunyima gari, kaka. Halikuwepo."

Uso wa fundi ukalegea. Mama King'ora akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

"Sasa unaliosha la nini?"

"Msimamizi anasema watu wakiliona hawatakuwa na wasiwasi."

Fundi aliishusha boneti taratibu, akabaki ameiwekea mkono.

"Mimi nililiona," akasema. "Mama aliposhikwa na kifua niliwapigia simu, mkasema nisubiri. Nikachungulia dirishani, nikaliona limesimama hapa, linang'aa. Nikasema hawa wanakuja sasa hivi. Ndiyo maana sikutafuta teksi."