Miaka Thelathini na Moja Bila Kuona Bao

Kwa miaka thelathini na moja Armgarð hakukosa hata mechi moja ya nyumbani ya Hvannavík, timu ya kijiji chake kisiwani, na kwa miaka yote hiyo hakuona bao hata moja. Si kwamba timu ilikuwa haifungi. Ilifunga, tena kuna msimu ilifunga mpaka wenyewe wakashangaa. Ila kazi ya Armgarð ilikuwa kutazama upande mwingine.

Uwanja wa Hvannavík umekaa kwenye kipande pekee cha ardhi tambarare kijijini, na kipande hicho kinaishia baharini. Nyuma ya goli la chini kuna ukuta wa mawe unaomfika mtu kifuani, na nyuma ya ukuta ni ngazi, kisha maji. Upepo ukishuka mlimani, mpira uliopaa juu ya goli haurudi wenyewe. Basi kila mechi Armgarð alivaa suti yake ya baharini ya rangi ya machungwa, akashuka ngazi, akaketi ndani ya mashua ya injini aliyoiacha marehemu baba mkwe wake, uso baharini, wavu wa mpini mrefu magotini. Mpira ukipita juu ya kichwa chake, aliwasha injini akaufuata. Kabla yake kazi hiyo aliifanya mumewe, Hjalgrím, na msimu mmoja tu alipoteza mipira kumi na miwili kwa sababu ya kugeuka geuka kutazama mechi. Klabu ikamwachisha kazi kwa heshima zote, kwa keki na kahawa, ikampa mkewe, mtu mwenye nidhamu.

Mabao, kwa hiyo, Armgarð aliyapata mezani. Hjalgrím alikaa garini kwenye mstari wa kati, kama wanavyokaa wote mvua inaponyesha, nayo hunyesha karibu kila Jumamosi, na bao likiingia, honi yake ilisikika mpaka kisiwa cha pili. Jioni, viazi vikiwa vinatoa mvuke na nyama kavu ya kondoo imekatwa vipande vyembamba, ndipo alipoanza.

"Kona ya juu, mke wangu. Kona ya juu kabisa. Kipa hakuona hata moshi."

"Tena kona ya juu?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Kwa masimulizi ya Hjalgrím, Hvannavík haikuwahi kufunga bao la chini. Kila shuti lilipinda, kila kichwa kilipigwa hewani kwa sekunde tatu nzima. Jumatatu Armgarð alikwenda dukani, akasikia kwamba bao lenyewe lilimgonga beki wa wageni makalioni likaingia likiwa limechoka. Hakumwambia mumewe neno. Aliyapenda mabao yale ya mezani, na hapo hapo yalimuuma, maana alitaka lake moja, hata liwe baya kiasi gani, mradi aliliona kwa macho yake mawili.

Ndiyo maana mwaka ule, Hvannavík walipojikuta mwezi wa kumi wakipigania kupanda ligi kuu kwa mara ya kwanza tangu klabu izaliwe, hakuna aliyeiwazia siku ya mwisho zaidi yake. Mwenyekiti wa klabu, Hákun, ambaye siku za kazi ni fundi umeme, alisimama kwenye mkutano akaeleza masharti.

"Huko juu hawataki mchezo. Tukipanda, nyuma ya goli lazima tuweke wavu wa mita kumi na mbili. Mpira hauendi tena baharini." Akamgeukia Armgarð, sauti ikalainika. "Kwa hiyo, dada yetu, huo ndio utakuwa mwisho wa kazi yako. Tunasikitika sana."

Watu wakamwangalia kwa huruma, kana kwamba amefiwa.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza Armgarð.

"Popote utakapo."

Alirudi nyumbani mbio mbio, akatoa kwenye kiti cha abiria cha gari la mumewe kamba, nyundo, redio mbovu na mfuko wa pilipili za mwaka gani sijui, akakifuta kiti kile mpaka kikang'aa. Hjalgrím alisimama mlangoni akitazama vitu vyake vikiwekwa kwenye majani.

"Hata hatujashinda bado," akasema.

"Kazi yenu kushinda. Yangu mimi nimeshaimaliza."

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Norðurnes, wapinzani wao wa kupanda, walikwisha maliza mechi zao Ijumaa, wakiwa mbele yao kwa pointi mbili. Hvannavík wakishinda Jumamosi, wanapanda. Wakitoka sare, Norðurnes wanapanda, na Hvannavík wanarudi kucheza mwaka mwingine kwenye matope yale yale. Wageni walikuwa timu ya pili ya klabu moja kubwa ya mjini, vijana wanaoongoza msimamo lakini hawaruhusiwi kupanda, kwa vile kaka zao wa timu ya kwanza tayari wako huko juu. Walishuka kwenye basi wakitafuna pipi na kucheka. Watu wasio na cha kupoteza wanaudhi sana uwanjani.

Upepo ulianza kabla ya refa. Ulishuka mlimani ukachukua kofia mbili, bango moja na trei ya keki za mapumziko, na baada ya hapo ukaanza kuchukua mipira. Klabu ilikuwa na saba. Miwili ilipasukia kwenye miamba. Mitatu ilipita rasi Armgarð akiwa anaihangaikia mingine, na kwa mwendo ule kesho ingekuwa Norway. Mmoja uliangukia ndani ya bwawa la samaki, chini ya wavu wa kuzuia ndege, na mlinzi wa bwawa lile mkewe alitoka Norðurnes, akasema ufunguo umepotea.

Wageni walifunga dakika ya ishirini. Dakika ya sitini na moja Armgarð alikuwa mbali, ameinama nje ya mashua, aliposikia honi zote za kijiji zikilia kwa pamoja, ile ya mumewe ikizipita zote: bao la kusawazisha. Moja kwa moja. Alichota mpira, akajisemea kwamba kona ya juu ataisikia kwenye viazi, akarudi.

Dakika ya themanini na saba ikasikika filimbi, kisha hakuna honi. Hakuna sauti kabisa. Armgarð alizijua sauti zote za uwanja ule kwa mgongo wake, na ukimya wa namna ile ulikuwa na maana moja: penalti, na ni yetu.

Alitazama bahari. Bahari haikuwa na kitu. Alitazama ngazi. Akapanda.

Alipofika juu alichungulia ukutani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akaliona goli la chini likiwa na watu ndani ya eneo lake. Aliyeuweka mpira kwenye alama alikuwa Sjúrður, mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye masharubu. Sjúrður akageuka kuhesabu hatua zake, kwa ualimu wake ule ule, moja, mbili, tatu. Mpira nyuma yake ukatikisika, ukaanza kwenda, ukadunda kwenye jiwe, upepo ukaudaka. Ulipita juu ya goli. Ulipita juu ya ukuta. Ulipita juu ya kichwa cha Armgarð, aliyeutazama ukipita huku mdomo wazi, kisha ukatua majini na kuondoka zake.

Kijiji kizima kikamwangalia.

"Armgarð," akaita Hákun kwa sauti ya mtu anayeomba awe anaota, "si ulikuwa unaangalia bahari?"

"Nilikuwa naangalia penalti."

"Leo? Katika siku zote, leo?"

Refa akanyoosha mkono. "Mpira mwingine."

Hapakuwa na mpira mwingine. Bibi mmoja alileta wa mjukuu wake, wa rangi ya waridi, umechorwa farasi. Refa akaugeuza huku na huku, akamrudishia kwa adabu. Kisha akatazama saa. "Dakika kumi. Usipopatikana, namaliza mechi kwa sare. Moja kwa moja."

Sijui mtu wa miaka hamsini na nane anashukaje ngazi ishirini na mbili kwa pumzi moja akiwa ndani ya suti ya baharini, lakini alishuka. Injini ikawaka mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mzee mwenye mashua afariki. Huko juu watu waliacha magari wakakimbilia ukutani, wenyeji na wageni, wachezaji na washika vibendera, na punde uwanja ukabaki na refa peke yake, ameshika saa yake.

"Kushoto, mama, kushoto!"

"Kushoto kwako au kwake?"

"Kwake! We unadhani mimi ndiye niliye majini?"

Anayeelekeza kwa nguvu kuliko wote alikuwa kipa wa wageni, yule yule aliyengojewa afungwe. Alipanda juu ya ukuta na glavu zake, akipunga mikono kama mtu anayeegesha lori, na nahodha wake alipomuuliza yuko upande gani, alisema amsubiri kwanza, asimsumbue.

Armgarð alichota mara ya kwanza akapata maji. Mara ya pili mpini ukakatika, wavu ukazama. Mara ya tatu alizima injini, akajilaza tumbo juu ya ukingo wa mashua, akangoja wimbi liulete mpira lenyewe, akaukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto aliyepotea sokoni. Ukutani wakapiga kelele zilizowatorosha ndege wa mwambani. Refa akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba zimebaki dakika tatu.

Alipokaribia ngazi, pete ya chuma ya kufungia kamba haikuwepo. Mawimbi yalikuwa yameing'oa na kuondoka nayo, na mashua isiyoshikwa ingevunjikia kwenye mawe ya kwanza tu. Hjalgrím alikuwa amekwisha shuka, yuko majini mpaka magotini, mikono mbele.

"Nipe mpira nikimbie nao juu."

Armgarð akamrushia kamba.

"Shika hii."

"Mimi?" Hjalgrím akaitazama kamba, akatazama ngazi. "Armgarð, hii ni penalti ya kupanda daraja."

"Najua ni nini."

"Nikae huku chini nikiangalia mawe?"

"Mwaka mmoja hukuweza. Mimi nimekaa thelathini na moja. Shika, bwana, muda unakwenda."

Hjalgrím akaizungusha kamba kiunoni. Mkewe akapita akipanda, maji yakimchuruzika, mpira kifuani, na akaupeleka mwenyewe mpaka kwenye alama. Kisha akasimama kando ya mlingoti wa goli, hatua mbili nje ya mstari, na refa akatazama suti yake ya machungwa, akaamua kwamba hajamwona.

Safari hii hawakuuachia upepo. Huku kwetu, siku kama hiyo, mchezaji mmoja hulala chini akaushika mpira kwa kidole mpaka mwenzake apige. Regin, beki wa kati, mwanamume mzito wa kuendesha kreni bandarini, alilala kifudifudi kwenye tope, akatoa kidole kimoja, akafumba macho.

"Usinipige mkono, mwalimu."

"Usiongee na mimi."

Sjúrður alihesabu hatua zake, moja, mbili, tatu, akaja mbio, na hatua ya mwisho ikateleza. Mguu wa kupigia ukachimba chini kabla ya kuufikia mpira. Ulipiga tope, tope likapiga mpira, na mpira ukaanza kutambaa kuelekea golini kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Kipa alikwisha ruka upande mwingine na alikuwa amelala chali, amejaa matope. Akaugeukia, akaanza kutambaa. Mpira ukafika kwenye dimbwi kabla ya mstari, ukasimama. Ulisimama kabisa. Kipa akanyoosha mkono. Armgarð, aliye karibu kuliko mtu yeyote, aliuma glavu yake. Ndipo upepo, ule ule uliokwisha kula mipira sita, ukashuka tena mlimani na kuusukuma mpira mle ndani, taratibu, kiasi cha upana wa kiganja, na ukakaa pale kwa sababu hakukuwa na pa kwenda.

Hakuna mtu aliyeelewa kwa sekunde moja. Kisha honi, zote, na watu wazima wakalala juu ya Regin kabla hajainuka, na kipa wa wageni akaketi kwenye dimbwi akicheka hadi akakohoa. Dakika zilizobaki zilichezwa, nasikia, lakini hakuna anayezikumbuka. Hákun alikuwa akimbusu kila mtu aliyekutana naye, refa akiwemo.

Armgarð hakurukaruka. Alibaki amesimama kando ya mlingoti, akiutazama mpira ule mchafu ulioketi nyuma ya mstari, machozi yakimtoka waziwazi, akicheka. Lilikuwa bao baya kuliko yote yaliyowahi kufungwa visiwani, na lilikuwa lake.

Halafu akasikia sauti kutoka chini ya ukuta.

"Imeingia? Armgarð! Imeingia?"

Alishuka ngazi bila haraka. Hjalgrím alikuwa bado ameing'ang'ania mashua, maji sasa kiunoni, kamba imemkata mikono, uso umeelekea juu. Hajapata kuonekana mdogo vile.

"Imeingia," akasema Armgarð.

"Nilisikia honi, nikasema lazima. Ilikuwaje? Niambie, ilikuwaje?"

Armgarð akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua glavu moja, kisha ya pili, akazikamua maji. Aliona kwamba mumewe alikuwa anangoja.

"Kona ya juu," akasema. "Juu kabisa. Kipa hakuona hata moshi."