Filimbi Ndani ya Mashua ya Vioo

Nimefanya mengi ya kujivunia maishani, na wanaonifahamu wanajua sichoki kuyasimulia, lakini hili moja nimelificha miaka minne, na ninalitoa leo kwa sababu tu mke wangu Mwende ametishia kulisimulia yeye, na yeye hulisimulia vibaya, huanza na kuku. Aibu niliyoipata siku ile, jamani, hata nikiwa peke yangu bafuni nikiikumbuka hujikuta nimefumba macho.

Mimi nilikwenda Dubai na begi moja na Diploma ya Usimamizi wa Usalama (nilikuwa wa pili, na darasani tulikuwa arobaini), na nimerudi Machakos nina ploti mbili, gari, na kampuni yangu ndogo ya ulinzi, wala hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Lakini wakati wa mkasa huu bado nilikuwa Jebel Ali, kwenye ghala la matairi, nikisimama langoni saa kumi na mbili kwa siku na kukagua mifuko ya wanaoingia na wanaotoka. Kazi ya heshima. Shida ni kwamba kwa kina Mwende nilikuwa nimesema mimi ni supavaiza. (Haukuwa uongo mtupu. Supavaiza alipokwenda kula, aliyebaki ni mimi.)

Mwende alikuwa akisuka nywele kwenye saluni moja ya Deira, na tulikuwa tumeshakubaliana tuoane. Baba yake, kutoka huko nyumbani, akasema hatawapokea wajomba zangu mpaka dada yake, Auntie Kalondu, anione kwa macho yake. Auntie alikuwa mtaa wa Mirdif, huko huko Dubai, mwaka wa kumi na mbili, anaishi na kufanya kazi kwenye nyumba ya familia moja, amewalea watoto watatu wa madam mpaka wakaota ndevu na sasa anamtunza bibi yao mzee. Siku ya kupumzika alipewa Jumapili moja kwa mwezi. Akisema ndiyo, wajomba zangu wanapokelewa na mbuzi wanachinjwa. Akisema la, khalas, yameisha.

Mtu mwingine angempeleka bustanini wakala chipsi. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikaona nimpeleke kwenye zile mashua kubwa zilizojengwa kwa vioo pande zote, zenye kiyoyozi, zinazotembeza watalii kwenye Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, huku wakila chakula cha mchana cha kujipakulia. Nikavaa suti ya buluu na viatu vyeusi vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo (vikumbukeni viatu hivyo). Funguo zangu nikaziweka mfukoni, na kwenye funguo hizo, kama ilivyo kwa mlinzi yeyote anayejiheshimu, kulikuwa na filimbi ya kazini.

Tulipoketi tu nikaanza somo.

"Auntie, nikuambie mapema. Hii inaitwa bafe. Unapakua kidogo, unakula, unarudi tena. Na chakula hakibebwi. Kuna watu wetu huja mahali kama hapa na mikebe, wanatuaibisha kabisa."

Auntie aliusogeza mkoba wake karibu na tumbo akasema, "Sawa, baba. Wewe ndiye umesoma."

Mwende akanikanyaga chini ya meza. Sikuelewa.

Mashua iling'oa nanga, mzee mmoja akawa anapiga kinanda kwenye kona, na mimi nikaanza kumweleza Auntie kila jengo tulilolipita. Yale niliyoyajua niliyaeleza, na yale nisiyoyajua niliyaeleza kwa sauti kubwa zaidi. (Mwende alinikumbusha baadaye kwamba Auntie alikuwa ameishi mji ule miaka minane kabla mimi sijapata pasipoti.) Yeye alitikisa kichwa tu, akala polepole, na nikajiambia kijana, umeshinda. Nikainuka kwenda kuongeza nyama ya mbuzi, safari yangu ya tatu, nikakuta foleni ndefu, na niliporudi meza ilikuwa tupu. Wamepanda juu kupiga picha, mhudumu akaniambia. Nikaketi kula.

Ndipo nikasikia: ti-ti-ti. Kimya. Ti-ti-ti.

Sauti ilitoka chini ya meza ya jirani, ambayo haikuwa na mtu, na nilipoinama kuchungulia niliona mfuko mweusi wa kitambaa umefungwa mdomo kwa fundo, umetuna, unatoa mvuke, na unachuruzika kitu cha majimaji kwenye zulia. Ti-ti-ti.

Niliiuliza familia moja ya Kihindi iliyokaa mbele yangu kama mzigo ni wao, wakatikisa vichwa. Sasa, kitabu cha diploma kinasema wazi: usiguse, tafuta mwenyewe, toa taarifa kwa wahusika. Na mhusika alikuwepo, mhudumu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale nilipo, amebeba sinia la vijiko. Ningemwita kwa sauti ya kawaida, mambo yangeishia hapo, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini kichwani nilimwona Auntie na simu sikioni akimwambia kaka yake, "Huyu kijana ni supavaiza kweli, ungemwona anavyofanya kazi." Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Filimbi ya ghala, ndugu zangu, imetengenezwa kushinda malori. Ndani ya chumba cha vioo ni kitu kingine. Mtoto mchanga alipiga yowe, mzee wa kinanda aliangusha mikono yote miwili juu ya kinanda kikatoa mlio kama ng'ombe, na watu hamsini wakanigeukia.

"Wote upande ule!" nikapiga kelele kwa Kiingereza changu cha langoni, nikionyesha kushoto. "Acheni kila kitu! Yalla, yalla!"

Na watu wa mji ule wana adabu, mtu mwenye suti na filimbi wanamtii bila swali. Wote hamsini wakainuka wakakimbilia kushoto, pamoja na wahudumu na mzee wa kinanda, wakajibana kwenye vioo vya kushoto. (Diploma yangu haikuwa na somo la mashua.) Kwanza sakafu iliinama kidogo, nikadhani ni kizunguzungu. Halafu vijiko vikaanza kutembea. Halafu meza ya vitamutamu, ambayo kumbe ilikuwa na magurudumu, ikaanza safari, taratibu kama inafikiria, kisha mbio, ikanipita na kastadi na jeli na keki zake zote, ikawafuata watu kushoto. Meza yenyewe walifanikiwa kuidaka. Kastadi haikudakika. Jeli nyekundu ilikuwa imeniachia sehemu yangu kwenye tai ilipokuwa ikipita.

Nikabaki peke yangu upande wa kulia, mimi na mfuko, nimeshika kiti kwa mikono miwili.

"Jamani!" nikasema.

Hilo neno ndilo lililonimaliza, kwa sababu msimamizi wa mashua aliyekuwa akija mbio, mzee mwenye kanzu nyeupe aitwaye Mzee Nassor, alikuwa Mzanzibari wa siku nyingi pale Dubai.

"Ala! Kumbe wa kwetu!" akasema. "We bwana wee, nani kakupa ruhusa ya kupiga filimbi ndani ya chombo changu? Nyie wengine, hebu gawaneni, rudini kati, mtatuzamisha!"

Mashua ikajinyoosha. Mimi nami nikajinyoosha. "Mzee, mimi ni supavaiza wa usalama kutoka Jebel Ali. Kuna mzigo hauna mwenyewe."

"Kitambulisho."

Nikampa. Mtu anayedai vitambulisho vya wenzake kutwa nzima hawezi kukataa kutoa chake, mkono umezoea. Mzee Nassor akavaa miwani yake, akaisogeza kadi mbele na nyuma, akasoma kwa sauti ya kutosha meli nzima: "Mlinzi. Lango namba tatu."

Nikainua macho. Kwenye ngazi ya kushuka kutoka juu alisimama Auntie Kalondu, na nyuma yake Mwende amejishika kichwa.

Ningenyamaza pale ningepata hasara moja tu. Lakini niliona bado naweza kujikomboa. "Mzee, mambo ya kadi tutaongea baadaye," nikasema, "sasa hivi huo mfuko utupwe majini!"

Mfuko ukasema ti-ti-ti. Mzee Nassor akamwita baharia aje na ule mti mrefu wenye ndoana wanaovutia kamba, dirisha likafunguliwa, mfuko ukanaswa kwa mpini wake na kuinuliwa hewani, unachuruzika, unapelekwa dirishani.

"Wewe! Weka chini! Weka chini mfuko wangu!"

Auntie alishuka ngazi kama mtu anayeteremka mlima, akapita katikati ya watu, akakanyaga kastadi bila kuitazama, akaunyakua mfuko ule kutoka kwenye ndoana. Akauweka juu ya meza. Akafungua fundo. Akatoa mkebe wa kwanza wa majarini, akaupanga mezani. Wa pili. Wa tatu. Aliipanga vile vile nilivyokuwa nikiwaamuru madereva wapange vitu vyao pale langoni, kimoja kimoja, na watu wote wakitazama. Chini kabisa ilikuwa simu yake, imelowa mchuzi, bado inalia. Akaizima.

"Ni kengele ya dawa ya macho ya bibi," akasema. "Saa nane kila siku hulia. Imetumbukia humo nikipakia haraka haraka."

Mzee Nassor alifunua mkebe mmoja. "Kuku?"

"Kuku. Na mbuzi. Na sambusa."

"Bwana wee," akanigeukia, "yaani umekilaza chombo changu ubavu kwa ajili ya kuku?"

Hata wasiojua Kiswahili walicheka. Mtoto mmoja alipiga makofi akaomba turudie. Ila Auntie hakucheka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, nikatamani afadhali angenipigia kelele.

"Nyumba ya jirani kuna msichana, Almaz, wa Ethiopia. Ana homa wiki nzima na hajatoka nje ya lango miezi kadhaa. Nilimwahidi nitamletea chakula cha mashua. Ningekiweka mapajani mwangu mbele ya kila mtu, mimi siogopi. Lakini huyu ameniambia watu wa mikebe wanamwaibisha. Ndiyo nikaficha chini ya meza isiyo yangu."

Nikachukua kifuniko nikaufunika ule mkebe uliofunuliwa. Mwende anasema ndiyo siku pekee maishani amewahi kuniona nikifanya kitu bila kukieleza.

Mzee Nassor aliita mhudumu akamwambia alete masanduku ya chakula, ayajaze, na ile nyama ya mbuzi isisahaulike. "Mama, ungesema tu," akamwambia Auntie. "Kinachobaki sisi hukigawa kila siku." Kisha akaninyooshea kadi yangu. "Na wewe, lango namba tatu, chukua ufagio."

Nilifagia kastadi nikiwa na suti mpaka tukafika Deira.

Gatini Auntie alitoa simu yake, akaifuta kwa leso, akampigia kaka yake. Sikio la simu lilikuwa limejaa mchuzi kwa hiyo akaweka sauti ya nje, na mimi nikasimama hatua mbili kutoka pale, na jeli yangu kifuani, kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo.

"Kaka, nimemwona."

"Ehe? Supavaiza mwenyewe yukoje?"

"Si supavaiza. Ni mlinzi wa lango."

Mwende akayatazama maji.

"Tena ana maneno mengi," Auntie akaendelea. "Na leo amenivua nguo mbele ya watu hamsini. Lakini nikuambie kitu kimoja. Kulikuwa na mzigo watu wakadhani ni kitu kibaya. Akawakimbiza wote upande mwingine, na yeye akabaki nao. Peke yake, ameshika kiti. Mimi nilikuwa ngazini, nilimwona kwa macho yangu. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Wanaume wa hivyo nimekutana nao wachache. Wajomba zake waje."

Akakata simu, akaninyooshea kiganja. "Leta filimbi."

Nikaitoa kwenye funguo nikampa, na anayo mpaka leo kule Mirdif.

Wajomba walikwenda, mbuzi walichinjwa, na sasa nina mke, watoto wawili na walinzi wanane wanaoniita bosi. Niliapa sitajiita tena cheo ambacho hakiko kwenye kadi yangu (sasa kimeandikwa Mkurugenzi, mnaweza kuja kuisoma), na kila tukiwa na sherehe huwa mimi mwenyewe ndiye ninayepita na mikebe kuwafungia wageni chakula. Auntie akipiga simu huwaambia wanangu, "Baba yenu hakukimbia," na wao hunitazama kwa namna ambayo baba yeyote angeipenda.

Ukweli ni kwamba mashua ilipolala, ile meza yangu nzito ya chakula ilisogea ikanikalia kwenye ncha ya kiatu cha kulia. Nilivuta mguu. Nikavuta tena, mpaka jasho likanitoka, na haikuniachia mpaka mashua ilipojinyoosha. Kiti nilikishika nisianguke. Kama ningekuwa na viatu vyangu vya kazi, ningefika kushoto kabla ya yule mtoto mchanga.

Viatu vile bado ninavyo juu ya kabati, kimoja kimebonyea mbele, na Mwende akiniuliza kwa nini sivitupi humwambia ni kumbukumbu ya Dubai. Sasa amejua. Mwende, mama watoto, umesoma mpaka hapa, nakuomba: Auntie asijue.