Mbeleko Moja, Njia Mbili

Kwao walizaliwa wasichana wawili tu. Mdogo, mama yao alimwita Sukari tangu yuko kwenye nepi. Mkubwa aliitwa "wewe". Wewe, funga mlango. Wewe, mshike Sukari. Huyo mkubwa sasa ni fundi cherehani. Ana chumba cha mbele kinachotazama barabara ya malori, ana mume mpole, na ana binti anayeanza kukaa bila kuegemezwa. Lakini ukitaja sukari mbele yake, hata kama ni ya chai, bega lake la kushoto linapanda kidogo. Wateja wanalijua bega hilo. Ukisifia gauni lililoshonwa na fundi mwingine, utaliona.

Wote wawili walijifungua mwaka mmoja, Fundi akitangulia kwa wiki chache. Mama yao anaishi milimani, na mguu wake mbovu haumruhusu kupanda basi. Akawapigia simu mmoja mmoja, maneno yaleyale: "Ile mbeleko niliyowabebea ninyi bado ipo sandukuni. Nimeifua. Inangoja mtoto."

Mbeleko ni moja, na mgongo wa mama ni mmoja. Fundi alikumbuka vizuri siku aliyoshushwa kutoka mgongo ule ili Sukari apandishwe. Alitembea njia nzima kashika sketi ya mama, akitazama juu visigino vya mdogo wake vikining'inia. Sasa akambusu binti yake utosini, pale panapodundadunda, akamwambia, "Wewe hushushwi. Wewe unapanda wa kwanza."

Kilichobaki ni hali ya hewa. Nchi yao haikubaliani yenyewe kwa yenyewe: kwa Fundi joto la kulowesha shuka, kwa Sukari nyanda kavu, katikati bonde ambalo mvua kubwa hulifanya ziwa, na kule juu, mvua zikishaisha, baridi ya kupasua midomo. Ukiwahi, unakwama bondeni. Ukichelewa, kichanga kinakohoa mlimani. Katikati pana kijinafasi chembamba, na hicho ndicho dada hao walichokuwa wakikivizia.

Habari za bonde alikuwa nazo Fundi, kwa sababu madereva wa malori walishonewa kwake. Habari za baridi alikuwa nazo Sukari, kwa sababu mama mkwe wake aliishi kulekule milimani. Kumuuliza mama yao ilikuwa kazi bure. Ukimuuliza, anakujibu jua linawaka, njooni, huku nyuma unasikia mvua inavyopiga bati.

Sukari akapiga simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ana meno mawili."

Bega likapanda. Binti wa Fundi hakuwa na hata moja.

"Meno mawili! Basi mnyime nyonyo, mpe mifupa. Ehe, sema."

"Nauliza bonde. Linapitika?"

Mlangoni alikuwa amesimama dereva anayengoja zipu ya suruali yake. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na dakika chache nyuma alikuwa amesema bonde limekauka mpaka unaweza kuanika unga barabarani. Fundi akampa mgongo, akashusha sauti.

"Limejaa, mdogo wangu. Maji yanagonga madirisha ya mabasi. Ngoja mwezi ujao."

"Basi tungoje wote," Sukari alisema, sauti laini kama jina lake. "Maana mama mkwe anasema baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Hata kuku wanatetemeka."

"Kuku?"

"Wanatetemeka, dada! Usimtoe mtoto."

Fundi aliiweka simu mezani, uso ukimwaka. Dereva alichukua suruali yake akaondoka. Mume wa Fundi, aliyekuwa akimbembeleza mtoto pembeni, akauliza.

"Si tumeambiwa pakavu?"

"Wewe bembeleza mtoto."

Jioni hiyo alishona koti. Aliweka bitana, juu ya bitana akaweka pamba, juu ya pamba bitana nyingine, na kofia ya kufunga kidevuni. Baridi ingekuwa kali, sawa, lakini Sukari angekuwa ameketi kwake akingoja maji yakauke. Mume akaliinua koti lile, likasimama lenyewe.

"Huyu anakwenda kwa bibi yake au anakwenda vitani?"

Fundi hakucheka. Asubuhi alipanda basi. Bondeni nyasi zilikuwa kijani na barabara kavu kabisa, naye akatabasamu dirishani kama aliyeokota kitu. Basi likaanza kupanda mlima. Akamfunga mtoto kofia, akangoja baridi. Hakuna. Walifika kituoni juu kule jua linawaka kweli, watu wamevaa mikono mifupi, na mtoto ndani ya koti amelowa chapachapa, mashavu mekundu, amechoka hata kulia.

Alikuwa akifungua vifungo kwa haraka, moyo ukimuuma, aliposikia, "Dada?"

Kutoka basi lingine alishuka mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope, kabeba mtoto wa rangi ya tofali.

"Umepitia wapi wewe?" Fundi aliuliza.

"Njia ya kuzunguka. Nimelala njiani. Si uliniambia maji yanagonga madirisha?" Sukari alitazama tope lililokuwa halipo kwenye magurudumu ya basi la dada yake. Kisha akatazama koti. "Na hilo godoro?"

"Si kuku wanatetemeka?"

Mtoto wa Sukari akapiga chafya, vumbi likaruka. Walishika njia ya kwenda kwa mama, kila mmoja akiongeza mwendo mwenzake anapomfikia, mpaka mwisho wakawa karibu wanakimbia. Waligonga mlango kwa pamoja.

Mama alifungua. Uso wote ukachanua, halafu akaweka kidole mdomoni.

"Shhh!"

Mgongoni kwake, ndani ya mbeleko ileile, mtoto wa mtu alikuwa amelala fofofo, mashavu manene, visigino vikining'inia.

"Wa jirani," mama alinong'ona. "Mlinipigia wote mkasema mwezi ujao, nikaona kitambaa kitaliwa bure na nondo. Kaeni hapo kibarazani. Akiamka nitawapokea vizuri."

Dada wawili waliketi kwenye ngazi za kibaraza, watoto mapajani. Fundi alilowesha pembe ya kanga yake kwa maji ya chupa, akamfuta binti yake jasho. Alipomaliza alimpa Sukari pembe nyingine, naye akaanza kumfuta mwanawe vumbi masikioni. Mabega yote mawili, la mkubwa na la mdogo, yalikuwa juu.

"Dada," Sukari alinong'ona, macho kwenye mlango. "Huyo mtoto, mama yake anarudi saa ngapi?"