Damu ya Mkwe

Mama alilazwa hospitalini Nyeri nikiwa ninajifunza kazi ya maabara, na wakati huo nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeshika hadubini juzi. Alihitaji kupasuliwa, lakini damu ilikuwa imempungua hadi kucha zikawa nyeupe. Daktari alisema wazi: bila kuongezwa damu, hatamgusa. Niliogopa sana.

Nikapima ukoo mzima. Sisi watoto tulirithi kundi A kwa marehemu baba, na mama, mwenye O, hupokea O pekee. Wajomba walipoona sindano walikumbuka ghafla kwamba ng'ombe wa Mweiga hawajakamuliwa. Akabaki mtu mmoja mwenye O, naye ni mume wangu.

"Mkwe?" Mama akavuta shuka hadi kidevuni. Kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, na mila hiyo yeye aliishika kuliko amri za kanisa. "Ati damu yake iingie kwa mwili yangu? Nitakula aje na yeye ako ndani?"

Nikadhani elimu itaniokoa. Nikamweleza kwamba chembe nyekundu hubeba hewa safi, chembe nyeupe ni askari wa mwili, na vile vichembe vidogo zaidi hugandisha damu mtu akijikata.

"Askari! Anakuja kwangu na askari?"

Nilikasirika hadi nikalia. Nikamwambia akinifia kwa ajili ya adabu, sitamsamehe. Akaishusha shuka kidogo.

"Na hiyo damu itakaa mpaka lini?"

"Chembe nyekundu huishi kama miezi minne, Mami. Zikifa, mifupa yako imeshatengeneza zako mpya."

"Kumbe ni mgeni tu," akasema, akanyoosha mkono.

Alipasuliwa, akapona. Lakini nyumbani kila akila alifunika mkono ule kwa leso. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilingoja hiyo miezi iishe.

Ilipoisha nikaenda kumpa habari njema: damu ya mkwe haipo tena, ale kwa amani. Nilitarajia shukrani. Akaifungua leso polepole, akautazama mkono.

"Imeenda yote?"

"Yote, Mami."

"Na hata hakuniaga." Alisikitika kweli. "Nilikuwa nimeanza kumzoea. Mwambie akuje Jumapili, tukule."