Mipira Miwili ya Maji

Mume wangu ni fundi wa kompyuta mwaka wa ishirini huu, na mashine za watu hazimshindi. Wiki hii imemshinda ya kwake, ile ya nyumbani inayopozwa kwa maji. Ukiiwasha tu, prosesa, ule ubongo wake, inafika nyuzi joto tisini na tano. Amebadilisha ile dawa nyeupe ya kupitisha joto mara tatu, amesafisha feni, amelaumu hata jua.

"Mganga hajigangi," nikamwambia. "Pampu umeiangalia?"

"Pampu ni nzima. Maji yasipozunguka, kati ya hii mipira miwili inayoyapitisha, mmoja unakuwa wa moto na mwingine wa baridi." Akaishika yote miwili. "Hii iko sawasawa."

Nikaishika na mimi. Mmoja nikauachia haraka.

"Baba watoto, huu unaunguza!"

Akaushika tena, akaukamata kwa muda mrefu. Kisha akavitazama vidole vyake.

"Vina ganzi," akasema, kama mtu anayetaja saa. "Tangu mwaka jana."

Mwaka mzima nimemgombeza kwamba ananishika mkono kama anayeshika kitasa cha mlango.