Siku Nilipolia Msibani Kwangu Mwenyewe

Najua mmeshaisikia, maana watu wa Ifakara wanaipenda habari hii kuliko wanavyonipenda mimi, na kila anayeisimulia anaiongezea mkia, juzi nimesikia eti nilikutwa ndani ya sanda nikila kuku, na hiyo si kweli, kuku sikumwonja, alikwenda na watani. Basi heri nijiaibishe kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa mkono huu unajua kuandika, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Kuandika nilifundishwa na masista miezi miwili tu, kabla ya vita vya Maji Maji, nikafika mahali pa kuunganisha herufi, kisha mvua zikaja nikarudi shambani (nataja miezi miwili ili mjue akili yangu ilivyo, kuna waliokaa miaka mitatu na bado wanaishika kalamu kama mchi). Vita vikapita. Wadachi walitaka amani, wakaitafuta kwa kuchoma maghala yetu ya mpunga, wakaipata kweli, maana mtu mwenye njaa ni mtulivu sana. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyetaka kijana wake akae mbali na macho yake, shule ya serikali ilikuwa safari ya siku nyingi na waliokwenda hatukuwaona tena, ndipo majirani wakaniletea vijana wao wasome nyumbani kwangu, watano kwa jumla, asubuhi wanafukuza ndege kwenye mpunga, jua likipanda wanakuja barazani na vibao vyao na mkaa. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu Kresensia, aliyekuwa ametolewa unyagoni mwaka ule ule, msichana mkimya kama mtungi. Mwingine alikuwa Alois, kijana mrefu, mwenye moyo mzuri na kichwa cha kinu.

Akida, mtu wa Wadachi hapa kwetu, aliniruhusu, lakini kwa sharti. "Fundisha, bibi," alisema. "Ila nikiona mkusanyiko hapa, au nikisikia karatasi inapita kijiji hadi kijiji kama yale maji yalivyopita, hawa watano nawapeleka wakalime barabara ya Mahenge, na wewe utakwenda kuwapikia."

Nikasema sawa, bwana. Mkusanyiko gani, kwa bibi kizee na watoto watano?

Sasa mimi sikutaka wanakili tu. Kwa masista tulinakili amri za Mungu hadi nikazijua hata zile ambazo sikuwa nimepata nafasi ya kuzivunja. Nilitaka watunge. Nikawaambia, ukiandika pilipili, nataka nipige chafya. Nikawapa shamba walitungie maneno, Alois akaandika: "Shamba ni shamba. Ndege ni wengi." Nikamuuliza hao ndege wanafanya nini, akafikiri hadi kivuli cha nyumba kikahama, akaongeza: "Wanakula."

Siku moja uvumilivu ukaniishia. "Andikeni kitu cha kumliza mtu," nikasema.

"Kitu gani, Bibi?" akauliza Kresensia.

Hapa ndipo ningejing'ata ulimi. "Mwandikieni kaka yangu Mponda kule Kiberege, mumwambie kwamba nimekufa."

Nisiwadanganye, halikuwa somo lile. Nilitaka kusikia. Marehemu mume wangu alikaa nami miaka thelathini bila kusifu hata mboga, na kawaida yetu mtu husifiwa akishazibwa pamba masikioni, nikajiona nimewazidi wote akili, kwamba mimi nitasifiwa masikio yakiwa wazi.

Alois akasoma yake kwanza: "Bibi amekufa. Njooni. Mpunga upo." Nikamwambia hata mbwa angeandikiwa zaidi ya hapo.

Kisha akasoma Kresensia. Aliandika kwamba nilikuwa mkali, na kwamba nikigomba kuku hushuka wenyewe kutoka darini. Hilo nililimeza. Halafu akaandika jambo ambalo hatukuwahi kulitaja nyumbani: kwamba siku askari walipopita nilimbeba nikaingia naye kwenye matete ya mtoni, maji yakanifika kifuani, nikamziba mdomo kwa kiganja tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba mpaka leo akiingiwa na hofu hunusa kiganja chake mwenyewe akitafuta harufu ya mkono ule. "Sasa mkono umelala," aliandika. "Babu, njoo tuuzike."

Nikasema kuna herufi mbili zimekosewa, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mtu mwenye busara angefuta kile kibao yakaisha. Mimi nikatoa karatasi ya kufungia chumvi niliyoiweka akiba, nikamwambia mtoto anakili upya kwa wino wa masizi, nje tukaandika jina la kaka yangu na Kiberege kwa herufi kubwa, kisha nikapasua ufito nikaibana barua kama wafanyavyo matarishi (eti wanafunzi waijue barua iliyokamilika, hayo ndiyo maneno niliyojidanganya nayo), nikauchomeka ufito kwenye makuti ya baraza, upande wa njia. Upande wa njia, jamani, na uani palikuwepo.

Siku mbili nzima kila apitaye aliuliza. "Barua ya nani hiyo?"

"Ya mjukuu wangu. Katunga mwenyewe."

"Inasema nini?"

"Hata nikikwambia hutaielewa."

Ndivyo nilivyowajibu, na laiti ningemsomea hata mmoja, angeniambia niitoe pale.

Siku ya tatu tulikuwa sote shambani. Tarishi akapita akielekea Kiberege, akaiona barua kwenye ufito, na mnajua ilivyo siku hizi, barua ya kwenye ufito haiulizwi, anayekwenda upande wake anaichukua, asipoichukua mgongo wake utaeleza kwa nini. Mimi niliporudi nikakuta ufito haupo, nikamtukana mbuzi. Nilimfunga kamba siku mbili kwa kosa la kula barua, akawa ananitazama tu, na mpaka leo nikipita karibu naye huwa wa kwanza mimi kuangalia chini.

Kumbe kule Kiberege kaka yangu amesomewa na mwenye duka, mtu ambaye husoma kwa sauti hata karatasi isiyomhusu, na duka lote limelia.

Kesho yake mchana nilikuwa napepeta mchele uani, nikasikia vilio vinakuja na njia ya Kiberege. Na mimi ni mtu wa adabu. Nikaweka ungo chini, nikajifunga kaniki, nikajifunika kichwa, nikatoka kwenda kulia na wenzangu, maana asiyelia vya wenzake vyake hulia peke yake. Nikaingia katikati ya wanawake, mikono kichwani, nikalia vizuri, wengine waligeuka kuona nani analia vizuri namna ile. Tulipokuwa tunakata kona ndipo nikamuuliza mama mmoja wa Kiberege aliyebeba kikapu cha mchele, "Jamani, nani ametutoka?"

"Dada yake Mzee Mponda," akasema bila kunitazama. "Yule mjuaji wa makaratasi."

Nikaendelea kulia hatua kama tano hivi, maana kilio kikishaanza hakisimami upesi.

"Alikuwa na mdomo," akasema mwingine.

"Na choyo cha chumvi," akasema mama wa kikapu. "Mungu amsamehe."

Sasa mtu mwingine angesema mimi ni mzima. Mimi nikafunua kichwa nikasema, "Chumvi gani? Mwaka jana nilikupa chumvi kwenye jani la mgomba na jani hukurudisha."

Kikapu kikaanguka. Mchele wote njiani. Nusu yao wakakimbilia kwenye mpunga wa watu, nusu wakakaa chini palepale, na kaka yangu Mponda akabaki amesimama na fimbo yake. Alikuwa amenyoa kwa ajili ya msiba. Mnazijua nywele za kaka yangu, nyeupe kama pamba, alizitunza kuliko wake zake wawili, na sasa kichwa kilikuwa kinang'aa. Akanishika bega, akanibonyeza, akanibonyeza tena, machozi yakamtoka, kisha alipohakikisha kwamba ni nyama akasema, "Na nywele zangu?"

Nikainama kuokota mchele.

Ningeweza kuwarudisha wale wa Kiberege kwa kuomba radhi, ila nyuma yao walikuwa wanakuja watani wetu wa ng'ambo ya mto, na ngoma, na majembe ya kuchimbia, wakiongozwa na mzee mmoja tunayemwita Kambale kwa sababu ya masharubu. Mtani msibani ndiye mwenye msiba, hilo halina mjadala. Kambale akanitazama juu hadi chini.

"Maiti hana adabu," akasema. "Amefufuka kabla hatujala."

"Shemeji, ni makosa, ilikuwa masomo."

"Nyamaza, maiti haongei. Tumetembea tangu alfajiri kuja kuzika, na hatuondoki hatujazika. Tandikeni mkeka."

Wakanilaza kweli, barazani kwangu, mbele ya wanafunzi wangu. Kambale akajitwika kaniki akaniigiza ninavyofundisha, akimchapa kijana hewani kwa kijiti, "Ukiandika pilipili nipige chafya," kisha akapiga chafya, watu wakaanguka kwa kicheko, ngoma ikalia, na sauti ikaenda hadi kwa akida.

Akaja na askari wawili wenye bunduki. Ngoma ikanyamaza. Akatazama watu waliojaa hadi njiani, akatazama majembe, akatazama watoto wangu watano waliopangana ukutani, na mimi pale mkekani nikalikumbuka sharti lake neno kwa neno.

"Nani amewaita watu hawa?"

"Barua," akasema Kambale.

"Ya nani?"

"Ya marehemu. Huyo hapo."

"Marehemu, simama," akasema akida, nikasimama.

Kaka yangu akaitoa barua. Akida huyu amesoma shule ya serikali huko pwani, akaanza kuisoma kwa sauti kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, lakini alipofika kwenye matete sauti ikapungua. Nikasikia wanawake wanaanza kulia upya, na safari hii hawakuwa wananililia mimi, maana kila mmoja pale alikuwa na matete yake.

Akida akakohoa. "Hivi ndivyo vita vilivyoanza," akasema. "Maneno yanatembea, watu wanatoka majumbani. Nani ameandika?"

"Mimi," akasema Kresensia. Alikuwa ameweka kiganja puani.

"Wewe? Mtoto wa kike? Bibi, umeandika wewe ukawaita watu."

Nikamweleza ni somo la kutunga, kwamba wote watano waliandika. Akasema, "Basi nione mmoja akiandika mbele yangu. Aniandikie na mimi nimekufa, ndugu zangu wa pwani walie." Akanyoosha kidole. "Wewe, mrefu."

Alois. Kati ya wote watano, Alois. Nikaanza kuhesabu kichwani masufuria ya kwenda nayo Mahenge.

Alois akachukua kibao na mkaa, akafikiri, kivuli kikahama, akaandika, akampa. Akida akasoma kwa sauti: "Akida amekufa. Njooni. Mpunga upo." Akakigeuza kibao nyuma kutafuta mengine.

"Imekwisha?"

"Ndiyo, bwana. Naweza kuongeza."

"Ongeza."

Akaongeza: "Ni kweli."

Kambale ndiye aliyeanza, akacheka hadi masharubu yakalowa, na askari mmoja akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Akida alijikaza, nilimwona anavyojikaza.

"Bibi, haya ndiyo unayowafundisha?"

"Ndiyo, bwana. Mwaka wa pili huu."

"Kwa barua hii haji hata nzi," akasema akida. "Mwalimu wa namna hii hawezi kuanzisha vita. Watoto wabaki. Na hawa wote uliowaita uwalishe, jua lisizame wakiwa bado hapa."

Ndivyo nilivyookolewa, mimi mwalimu hodari, na mwanafunzi mbovu kuliko wote niliowahi kuwatia machoni. Barua ya Kresensia akida aliikunja akaitia mfukoni, nikaiomba, akasema hiyo inakaa kwake. Kwa hiyo sifa pekee niliyowahi kupata duniani iko kwenye sanduku la serikali, na mpunga wangu uko kwenye matumbo ya watu wa Kiberege. Watani wakachukua jogoo na kuku jike. Kaka yangu hakuondoka, alisema hatapita Kiberege na kipara cha msiba marehemu akiwa hai, akakaa kwangu anakula hadi nywele ziliporudi, na nywele za mzee haziharakishi.

Kutunga tunaendelea kutunga, lakini hapa barazani hafi mtu tena, hata panya wa kwenye hadithi namponyesha kwanza, na ufito nikiuona nauvunja. Kresensia sasa anaandika kuhusu matete bila mimi kumwambia, ananisomea, halafu tunafuta kibao pamoja.

Siku kaka yangu anaondoka, nywele zimerudi, kofia mkononi ili zionekane, alimsimamisha Alois njiani akamshika bega.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "siku bibi yako akifa kweli, uandike wewe."